Dhahabu ya Kijito cha Nyumbani: Pimeni Kwanza Kabla Hamjaacha Jembe

Somo la safari hii ni la wale wanaokaa karibu na vijito vyenye dhahabu: Kakamega, Vihiga, Siaya, Migori, Narok upande wa Transmara, na ndugu zetu wa Pokot Magharibi na Turkana ambao huosha mchanga wa mito maji yakipungua. Anayeongoza asome kwa sauti, sehemu moja moja, na watu waulize maswali. Ni afadhali kulimaliza kwa mikutano miwili kuliko kulikimbia kwa mmoja.

Tunataka kikundi kiweze kujibu swali hili: je, kijito chetu kitatulipa, na kitatulipa bila kutuharibia watoto? Watu wengi huingia mtoni kwa sababu jirani alipata pointi tano Jumamosi. Hawamwulizi jirani alikaa wiki ngapi bila kupata kitu, wala magugu yalifika wapi kwenye mahindi yake.

Dhahabu imefikaje hapo?

Asili yake ni milimani, ndani ya mishipa ya jiwe jeupe gumu linaloitwa kwatzi. Jua na mvua hulivunja jiwe hilo miaka maelfu na maelfu. Mawe mengine huoza yakawa udongo, lakini dhahabu haiozi wala haishiki kutu. Inateremka na maji ya mvua mpaka kijitoni, punje kwa punje, na huko inatafuta mahali pa kulala.

Inalala wapi? Hapa ndipo siri yote ilipo, nayo ni uzito. Chupa ya lita moja ikijaa maji, maji yale yana kilo 1. Jiwe la kwatzi la ukubwa ule ule lingekuwa na kilo 2.6 hivi. Mchanga mweusi wa chuma, kilo 5 hivi. Dhahabu ya ukubwa ule ingekuwa na kilo 19! Kwa hiyo maji yenye nguvu hubeba kila kitu, lakini yakichoka kidogo tu, kitu cha kwanza kuangushwa ni dhahabu. Mkielewa hilo, mmeelewa kazi nzima, kuanzia kutafuta mpaka kuosha.

Basi tembeeni kando ya kijito na mtazame mahali maji yanapochoka. Mto ukipinda, upande wa nje una kasi na upande wa ndani ndio hutulia na kuweka mchanga. Pimeni upande wa ndani. Nyuma ya jiwe kubwa, upande wa chini ambako maji huzunguka polepole, pimeni. Chini ya maporomoko madogo, pale kijito kinapotoka penye mteremko na kuingia mahali tambarare, pimeni. Mwamba ukionekana ndani ya mto na una nyufa zinazokatiza njia ya maji, chokoeni nyufa zile kwa waya na kijiko, kwa maana ufa mmoja unaweza kushika zaidi ya mchanga wa mita nyingi. Hata mizizi ya nyasi kwenye ukingo huchuja dhahabu mto unapofurika. Nyasi chache zikioshwa ndani ya karai zinaweza kuonyesha kitu.

Mchanga wa juu juu kwa kawaida ni mtupu. Dhahabu hushuka kupitia changarawe mpaka izuiwe na kitu kigumu, ama mwamba ama udongo wa mfinyanzi. Kijana anayechota mchanga mzuri mweupe wa juu anaosha bure siku nzima, huku mama aliye karibu naye anakwangua sentimita chache zilizo juu ya mwamba na kupata. Sio bahati.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa mgodini hulijua. Kama kijito kikubwa kina dhahabu, pandeni nacho mkipima kila baada ya hatua mia. Mkifika mahali kijito kidogo kinapoingia, pimeni chini ya makutano, kisha juu yake, kisha ndani ya kile kidogo. Ikiwa juu ya makutano hakuna kitu na ndani ya kile kidogo kuna punje, basi mmejua dhahabu inatoka mlima gani. Punje zikiwa na kona kali, hazijasafiri mbali. Zikiwa zimelainika kama kokoto, zimetoka mbali.

Kuosha kwa karai

Karai jipya lina mafuta. Lichomeni motoni au mlisugue kwa mchanga na sabuni, kwa maana dhahabu nyembamba ikigusa mafuta huelea na kwenda zake.

Jazeni theluthi mbili kwa changarawe iliyo chini, zamisheni karai ndani ya maji, pondeni mabonge yote ya udongo kwa mikono. Usikubali bonge hata moja litoke zima, kwani lenyewe hubeba dhahabu. Osheni mawe makubwa humo humo kisha yatupwe. Sasa tikiseni karai kushoto na kulia likiwa limelala sawa chini ya maji, ili vizito vizame. Inamisheni kidogo, acheni maji yachukue tabaka la juu, lazeni tena, tikiseni tena. Watu wa haraka huinamisha tu bila kurudia kutikisa, na hao ndio humwaga mali yao. Mwisho utabaki mchanga mweusi kama kijiko. Huo uzungusheni polepole na maji machache, na dhahabu itabaki nyuma kama mkia wa njano.

Mkikauka ule mchanga mweusi, chukueni sumaku ya redio kuukuu, ifungeni ndani ya karatasi, mpitishe juu yake. Chuma kitaruka kwenye karatasi na dhahabu itabaki.

Je, ni dhahabu kweli? Kuna mawe yanayong'aa kuishinda. Mika huelea na hung'aa ukiigeuza tu. Pairiti, ile ya njano inayowadanganya wengi, ukiibonyeza kwa ncha ya kisu hupasuka ikawa unga mweusi. Dhahabu hubonyea na kupindika kama risasi, na rangi yake ni ile ile hata kivulini.

Mazoezi: kateni waya wa shaba wa umeme vipande 10 vidogo kama chembe za chumvi, mviweke kwenye karai la changarawe isiyo na kitu, kisha mwanachama aoshe. Mhesabu vimebaki vingapi. Shaba ni nyepesi kuliko dhahabu mara mbili na zaidi, kwa hiyo anayerudisha vipande 9 au 10 vya shaba hatapoteza dhahabu nyingi. Anayerudisha 4, bado hajafuzu, hata kama anajisifu namna gani.

Hesabu ya siku moja

Kabla ya kununua kifaa chochote, kikundi kifanye majaribio kwa siku chache. Chagueni sehemu tano, kila sehemu muoshe karai 10 zilizojaa sawa, na dhahabu ya kila sehemu iwekwe kwenye chupa yake ndogo ya dawa yenye maji. Katibu aandike mahali, idadi ya karai, saa zilizotumika. Halafu pimeni.

Wengi wenu mnajua pointi moja ni sehemu ya kumi ya gramu. Tuseme karai zote 50 zimetoa pointi 2, na mtu mmoja akifanya kazi vizuri anaweza kuosha karai 25 kwa siku. Basi siku ya mtu mmoja ni pointi 1. Linganisheni pointi hiyo na kibarua cha siku moja kwenu, pamoja na kile ambacho shamba lingetoa kama lingepaliliwa kwa wakati. Ikiwa kijito kinatoa nusu ya kibarua, kiacheni mpaka msimu ambao shambani hakuna kazi. Ikiwa kinatoa mara mbili, fikirini kutengeneza sanduku la kuoshea: mbao zenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 30 hivi, ncha zote mbili wazi, ndani limetandikwa gunia au blanketi kuukuu na vijiti vimepigiliwa kwa kukingama. Liinamishwe kiasi kwamba kila mita moja ishuke sentimita 10. Maji na changarawe hupita juu, dhahabu hunasa kwenye gunia, na gunia hukung'utwa ndani ya karai jioni. Sanduku moja hufanya kazi ya makarai mengi.

Kwa maoni yetu kijito ni kama kuku wa kienyeji: kinasaidia kulipa karo na chumvi, lakini mwenye kuuza ng'ombe wake ili anunue vifaa vya mtoni ajue anacheza kamari.

Zebaki isiingie nyumbani

Sehemu hii isomwe mara mbili, na akina mama wote wawepo.

Zebaki, ile wachimbaji wengi huiita makyuri, ni madini yenye maji maji yanayong'aa. Huishika dhahabu na kuwa donge moja. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa juu ya jiko. Zebaki huondoka kama mvuke, dhahabu hubaki. Ni rahisi, ndiyo maana imeenea.

Mvuke ule hauna rangi wala harufu. Anayechoma huuvuta, na mtoto aliye mgongoni huuvuta pia. Hukaa kwenye nguo, ukutani na kwenye udongo wa sakafu. Zebaki hata bila moto hutoa mvuke kidogo kidogo, kwa hiyo chupa iliyofichwa chini ya kitanda inawadhuru wanaolala juu yake. Mikono huanza kutetemeka, mtu anakosa usingizi, anasahau, anakuwa mkali bila sababu, na figo huharibika. Wenzake husema amelogwa au amezidisha pombe. Kwa mama mjamzito sumu huvuka na kumfikia mtoto tumboni, na ubongo wa mtoto huyo ndio hulipa gharama ambayo hakuna mnunuzi wa dhahabu atakayeirudisha.

Inayomwagika mtoni nayo haiishi. Ndani ya tope, vijidudu huigeuza ikawa sumu kali zaidi, wadudu wa majini huila, samaki wadogo hula wadudu, samaki wakubwa hula wadogo, na kila hatua sumu huongezeka. Mto Yala unaishia Ziwa Victoria. Isiukhu huingia Nzoia, na Nzoia huingia ziwa lile lile. Mto Migori huungana na Kuja na kwenda huko huko. Kwa hiyo linalofanywa juu mlimani huliwa na watu wa pwani ya ziwa.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu katika mji wa Minamata, Japani. Kiwanda kilikuwa kikimwaga taka zenye zebaki baharini. Paka waliokula samaki walianza kuruka na kuanguka kama wenye wazimu, kisha watu, na mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa rasmi. Watoto walizaliwa viwete na mama zao walionekana wazima. Mkataba wa mataifa wa kupunguza zebaki ulipewa jina la mji huo. Ulikubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017.

Sasa sikieni habari njema. Dhahabu ya kijitoni imeshatengana na jiwe, maji yalifanya kazi hiyo zamani. Haihitaji zebaki! Inahitaji karai, uvumilivu na sumaku. Anayetaka kuiyeyusha atumie boraksi, ule unga mweupe wa masonara. Wachimbaji wadogo wa Benguet, kaskazini ya Ufilipino, wameutumia miaka zaidi ya 30. Mchanga uliooshwa mpaka ukabaki kidogo sana huchanganywa na boraksi na kutiwa moto mkali wa makaa wenye kupulizwa. Uchafu huyeyuka ukawa kama kioo na dhahabu hukusanyika chini. Hata hivyo kwa pointi chache si lazima kuyeyusha kabisa, kwani vumbi la dhahabu huuzika lilivyo.

Mahali pengine mnunuzi huwapa watu zebaki bure. Anayepokea zawadi hiyo hujikuta lazima amwuzie yeye, kwa bei yake. Na kama kuna mwanachama ambaye amekuwa akichoma na anatetemeka, aende hospitali na amwambie daktari wazi wazi kwamba amefanya kazi ya zebaki. Asipotaja, daktari atatafuta malaria.

Majirani na mto wenyewe

Walio chini ya mto wanachota maji hayo hayo. Chimbeni shimo la kutulizia: maji machafu yaingie humo, tope lizame, ndipo yarudi mtoni. Msichimbe kingo, kwa maana ukingo ukibomoka mvua ya kwanza itachukua na shamba la jirani. Kila shimo lifukiwe siku kazi inapohama. Shimo lililoachwa hujaa maji, hufuga mbu, na ndama au mtoto hutumbukia. Watoto wasifanye kazi hii, sheria ya Kenya inakataza, na karai la changarawe ni zito kwa mgongo wa mtu mzima sembuse wa miaka kumi.

Ardhi ni ya nani, dhahabu ni ya nani?

Watu wa Kakamega wana sababu ya kuuliza. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana kando ya Mto Yala, na muda mfupi baadaye mamia ya Wazungu walipiga mahema kwenye mashamba ya watu. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, watapewa ardhi nyingine. Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha ili ardhi yenye madini ichukuliwe kwa fidia ya pesa tu. Mgodi wa Rosterman ulianza mwaka 1935 na ukafungwa 1952. Ahadi ilidumu miaka miwili.

Leo tunaongozwa na Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya taifa, hata kama hati ya shamba ni yako. Lakini mtu hawezi kuingia shamba lako kuchimba bila idhini yako. Kibali cha wachimbaji wadogo wadogo hutolewa kwenye kaunti, kwa raia wa Kenya peke yao waliotimiza umri wa mtu mzima, na hakizidi miaka 3 kabla ya kufanywa upya. Kila kaunti inatakiwa kuwa na kamati ya wachimbaji hao. Kikundi kilichosajiliwa kina nguvu zaidi mbele ya kamati kuliko mtu mmoja mmoja. Anayenunua dhahabu naye lazima awe na leseni, na mna haki ya kuomba kuiona.

Bei na mizani

Bei ya dunia hutangazwa kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Kwa hesabu ya kujifunzia tu, tuseme aunsi ni shilingi 311,000. Gawanyeni kwa 31.1, mnapata 10,000 kwa gramu, yaani 1,000 kwa pointi. Dhahabu ya mtoni si safi kabisa, ina fedha ndani yake. Ikiwa sehemu 90 katika 100 ni dhahabu, pointi ina thamani ya 900. Mnunuzi lazima apate faida na nauli, kwa hiyo atatoa chini ya hapo. Akitoa 800 mzungumze. Akitoa 500, fungeni chupa mrudi nyumbani, dhahabu haiozi.

Mizani yake ipimwe pia. Chukueni bomba la sindano jipya lisilo na sindano, la kutoka duka la dawa. Weka kifuniko cha chupa juu ya mizani, irudishwe sufuri, kisha tone maji ya mililita 1. Isome gramu 1. Mililita 2, gramu 2. Ikisoma pungufu, mnajua la kufanya. Mwenye mizani ya haki hatakasirika.

Kupima kufanywe mbele ya watu watatu, na mmoja wao awe mama anayeosha kwa mikono yake. Mgawanyo uandikwe kabla ya karai la kwanza: fungu la waoshaji, la mwenye shamba, la kikundi. Dhahabu imevunja undugu mwingi kwa sababu watu walianza kuzungumza kugawana baada ya kuiona.

Kazi kabla ya mkutano ujao

Wawili wenu watembee kijito na kuchora ramani kwenye karatasi: mipinda, mawe makubwa, mahali akina mama wanapochota maji, na mahali ng'ombe wanapokunywa. Wengine wafanye zoezi la vipande vya shaba, majina na idadi viandikwe. Mmoja aulize ofisi ya madini ya kaunti fomu za kibali na ada yake. Kisha zungumzeni haya: Ni nani kati yetu anayetumia zebaki sasa, na tutamsaidiaje kuiacha bila kumwaibisha? Mwenye shamba lililo kando ya kijito ameulizwa? Katika miezi ipi mikono yetu haihitajiki shambani?

Daftari la karai 50 lije mkutanoni likiwa limejazwa, hata kama kila mstari unasema sufuri.